Mizani na Kamera: Fikra juu ya Bei na Thamani

Bei na thamani ni maneno mawili ambayo Waswahili huyatumia kwa kupokezana, na aghalabu hakuna madhara yanayotokea. Muuzaji husema kitu chake kina thamani ya shilingi elfu kumi, na mnunuzi huelewa kuwa ndiyo bei anayotajiwa. Hata hivyo, yapo mazingira ambamo maneno haya hufarikiana, na mtu asiyeuona mfarakano huo huweza kudhulumiwa na wenziwe, au, jambo ambalo ni zito zaidi kulikiri, akaidhulumu nafsi yake na watu wa nyumbani mwake. Makala haya yanalitazama suala hilo kupitia kitu kidogo, yaani kamera ya dijiti, na kupitia mji mmoja wa bara ambao riziki yake inategemea mizani.

Mji huo ni Kibaigwa, katika Wilaya ya Kongwa, mashariki ya Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Soko lake la nafaka, ambalo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 limejulikana kwa jina la soko la kimataifa, hupokea mahindi kutoka vijiji vya Kongwa na wilaya za jirani, na malori yanayoyabeba huenda mbali, mengine hata nje ya mipaka ya nchi. Mtu aliyekulia Kibaigwa huijua mizani kama mvuvi wa Unguja aujuavyo upepo. Anajua debe lililosawazishwa na debe lililofurishwa. Na zaidi ya yote, analijua neno lumbesa.

Lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka ukingoni, kisha likaongezewa juu yake kilemba kilichofungwa kwa kamba, na mzigo wote ukanunuliwa kwa jina na bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo ya Tanzania inaweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia la mazao, na Wakala wa Vipimo umeipiga vita lumbesa kwa miaka mingi. Mkulima hupunjwa mchana kweupe, na huku neno lililotamkwa katika mapatano, yaani gunia, halikubadilika hata herufi moja. Jina la kipimo limebaki, maana yake imeibwa. Ndiyo maana dini zimelichukulia jambo la vipimo kwa uzito mkubwa. Waislamu wanayo sura nzima katika Qurani, ya 83, ambayo jina lake, Al-Mutaffifin, lawataja watu wenye kupunja vipimo.

Sasa na achukuliwe, kwa mfano tu, mwalimu wa shule moja ya Kibaigwa ambaye moyo wake umependa kupiga picha. Yeye si mpiga picha wa harusi wala wa paspoti; picha hazimpi mkate. Anataka kuwapiga wachukuzi wa sokoni alfajiri, mibuyu ya Kongwa wakati wa kiangazi, na wazee wa Kigogo wanaokumbuka mambo ambayo hakuna aliyeyaandika. Kwa muda ametumia simu ya mkononi, na ameona mpaka wake: kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, ambacho wapiga picha hukiita sensa, ni kidogo mno katika simu, na kwenye giza la ghala picha hujaa chengachenga. Anataka kamera yenye kubadilishwa lenzi, na kwanza anatafuta bodi, yaani kamera yenyewe bila ya lenzi. Fedha alizonazo zimetokana na mahindi ya shambani kwao. Shamba hilo limelimwa na watu wawili, yeye na mkewe, na wapo watoto wanaohitaji viatu na daftari. Kwa hiyo swali lake lina pande mbili. La kwanza ni la sokoni: bodi ipi inalingana na fedha zake? La pili ni la maadili: bodi ipi ni halali yake?

Watengenezaji wa kamera wanalo jibu jepesi kwa swali la kwanza, nalo ni megapikseli. Kadiri zilivyo nyingi, wanasema, ndivyo kamera ilivyo bora. Hapa mtu wa Kibaigwa anapaswa kushtuka, kwa sababu ameambiwa habari za wingi na hajaambiwa habari za kipimo. Nikon D700, iliyotolewa mwaka 2008, ina megapikseli 12.1. Picha yake ina nukta 4,256 kwa upande mrefu na 2,832 kwa upande mfupi. Ikichapwa kwa nukta 300 katika kila inchi, kiwango ambacho wachapaji wengi hukihesabu kuwa kizuri, hutoka picha ya sentimita 36 kwa 24, nayo ni kubwa kuliko karatasi ya kawaida ya ofisini. Nikon D850, iliyotolewa mwaka 2017, ina megapikseli 45.7, karibu mara nne ya zile za kwanza. Mnunuzi hudhani kuwa picha yake nayo itakuwa pana mara nne. Sivyo, upande wake mrefu una nukta 8,256, ambazo hazifiki hata maradufu. Hesabu hii mkulima anaijua bila ya kufundishwa: shamba likirefushwa maradufu kila upande, eneo lake huwa mara nne.

Wapo watu wanaozihitaji nukta zote hizo. Anayechapa mabango makubwa anazihitaji, na anayepiga ndege walio mbali kisha akakata kipande kidogo cha picha anazihitaji vilevile. Kwa watu hao huo ni mzigo halali wenye kilo zake kamili. Kwa mtu ambaye picha yake kubwa kupita zote itatundikwa ukutani mwa maktaba ya shule, nukta zinazozidi ni kilemba cha lumbesa. Ipo tofauti moja tu baina ya masoko haya mawili. Katika soko la mahindi kilemba humpunja yule anayeuza, naye hukitoa kwa kinyongo kwa kuwa hana la kufanya. Katika soko la kamera kilemba humpunja yule anayenunua, naye hukilipia kwa furaha na kurudi nacho nyumbani akiwa amekikumbatia.

Kutokana na hayo mtu angeweza kukimbilia hitimisho la haraka, kwamba kamera ya thamani ni ile ya bei ya chini kabisa. Wilaya ya Kongwa yenyewe inalo somo la kumzuia. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza hapo mradi mkubwa wa karanga, ikikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula uliofuatia vita. Matrekta mapya yalikuwa adimu, kwa hiyo zikanunuliwa mashine zilizobaki vitani, nyingine zikasafirishwa kutoka Ufilipino, na vifaru aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Mashine hizo ziliharibika moja baada ya nyingine zilipokutana na mizizi ya vichaka. Mibuyu nayo haikung'oka kwa urahisi. Udongo wa mfinyanzi ulioloweshwa na mvua ulikauka kwa jua ukawa kama saruji, na karanga zilizomea zikabanwa ndani yake. Mvua nazo hazikuja kama ilivyotarajiwa. Mradi ulifutwa mwezi wa Januari 1951, na hasara yake imehesabiwa kuwa kiasi cha pauni milioni 36.

Mara nyingi hadithi hiyo husimuliwa kama kichekesho juu ya wakoloni. Ndani yake limo jambo la kudumu zaidi. Vifaru vile havikuwa vibaya vitani, na kupatikana kwake kulionekana kuwa bahati njema. Kilichokosekana ni mtu wa kuiuliza ardhi ya Kongwa inahitaji nini kabla ya kuiletea chombo. Wagogo waliolima na kufuga katika nchi hiyo kwa vizazi vingi walijua tabia ya udongo na mvua zake, lakini maarifa yao hayakupimwa kwenye mizani yoyote. Chombo kilichopatikana kwa urahisi kikapewa kazi isiyokuwa yake, na urahisi huo ukazaa gharama iliyoshinda gharama zote.

Hivyo basi thamani haimo katika wingi peke yake, wala haimo katika uchache wa bei. Aristotle, katika kitabu chake cha pili cha maadili alichoandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alitoa mfano ambao unaeleweka vyema Kibaigwa. Ikiwa chakula cha ratili kumi ni kingi na cha ratili mbili ni kichache, mwalimu wa michezo hatawaagizia wanafunzi wake wote ratili sita kwa kuwa sita iko katikati. Kwa Milo, mpiga mieleka mashuhuri, sita ni chache. Kwa mtu anayeanza mazoezi, sita ni nyingi. Kadiri iliyo sawa hujulikana kwa kumtazama mlaji na kazi iliyo mbele yake. Kwa maana hiyo, kutosha si jina jingine la kidogo. Yupo ambaye kinachomtosha ni ghali, na akinunua cha rahisi atakuwa amefuja mali kama vile mwenziwe aliyenunua kilichozidi.

Mwalimu wa Kibaigwa, basi, hana budi kuanza na Kibaigwa. Mahali pale panadai nini? Kwanza panadai kinga ya vumbi. Katika kiangazi vumbi la barabara na la pumba huingia kila mahali, na kamera inayofunguliwa ili kubadilishwa lenzi hulipokea vumbi hilo juu ya sensa yenyewe, likaacha madoa katika kila picha yenye anga. Kwa hiyo bodi iliyozibwa vizuri katika maungio yake ina faida kwake kuliko megapikseli kumi za ziada. Pili panadai uwezo wa kuona katika mwanga hafifu, maana ghala lina giza na kazi ya soko huanza mapema. Na hapo sensa kubwa, yenye milimita 36 kwa 24, humsaidia kuliko sensa ndogo ya zama zile zile. Tatu panadai bodi iwe rafiki wa lenzi. Bodi huzeeka upesi kwa kuwa teknolojia yake hukimbia. Lenzi njema huweza kuzika bodi tatu au nne. Kampuni ya Nikon imeitumia pete ile ile ya kushikia lenzi, iitwayo F, tangu mwaka 1959, na lenzi nyingi zilizotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 huingia katika D700 bila ya shida, ijapokuwa nyingine hulengwa kwa mkono.

Ikumbukwe pia kwamba mwaka 2018 Canon na Nikon zote mbili zilitoa kamera za sensa kubwa zisizo na kioo ndani, zenye pete mpya za lenzi, na tangu hapo nguvu zao zimeelekea huko. Kamera za kioo zilizokuwa fahari ya wataalamu zimeshuka bei katika soko la mitumba. D700 ilipotoka mwaka 2008 iliuzwa Marekani kwa dola 2,999 bila ya lenzi. Leo hupatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Mwanga wa Kibaigwa haukubadilika tangu wakati ule, na picha ambayo kamera hiyo iliweza kuipiga mwaka 2008 inaweza kuipiga hata sasa. Jungu kuu halikosi ukoko.

Lakini anayenunua kitu kilichotumika anapaswa kukikagua kama anunuavyo ng'ombe mnadani. Pazia la kamera, lile linalofunguka na kufunga kila picha inapopigwa, lina umri wake. La D700 lilipimwa kwa picha 150,000, na hesabu ya picha zilizokwisha kupigwa huweza kusomwa kama kilometa za gari. Betri na chaja viwepo na vifanye kazi. Kadi zake ni za aina ya CompactFlash, ambazo hazipatikani kwa wepesi kama kadi ndogo za SD. Bodi yenyewe ina uzito wa karibu kilo moja, na haipigi video hata kidogo. Ikiwa mwalimu anataka kurekodi ngoma na masimulizi ya wazee kwa sauti na mwendo, basi kamera hiyo haimtoshi, hata akipewa bure.

Katika ukaguzi huo linajitokeza swali la wakati. Mkulima wa Kibaigwa anajua faida ya kungoja: mahindi yauzwayo mara baada ya mavuno huwa na bei ya chini, na anayeweza kuyahifadhi mpaka miezi ya mwanzo wa mwaka aghalabu hupata zaidi. Kamera nayo humlipa mwenye kungoja, kwa njia ya kinyume, kwa kuwa bei yake huteremka kadiri ya siku. Kipya kinyemi, wamesema wahenga, kingawa kidonda. Na anayelipia upya hulipia kitu kitakachokwisha kabla ya kamera yenyewe kuchakaa. Hata hivyo, subira hii ina mpaka ambao hauonekani kwenye hesabu za fedha. Bibi anayepepeta mtama uani mwaka huu huenda mwakani hayupo. Mtu anayengoja bei ishuke kila mwaka ataishia kuwa na fedha kamili na uwanja mtupu. Kwa hiyo ipo siku ambayo kungoja hugeuka kuwa upotevu, na siku hiyo haitangazwi na duka lolote.

Hapa ndipo upande wa pili wa swali unapodhihirika. Kamera ni chombo cha ajabu kati ya vyombo vya starehe, maana haiwezi kutumiwa bila ya kuchukua kitu cha mtu mwingine. Mwenye kununua redio anasikiliza peke yake. Mwenye kununua kamera anachukua sura za watu. Mchukuzi aliyebeba gunia mgongoni hakualikwa kushiriki katika mapenzi ya mwalimu kwa picha. Akikubali kupigwa, linazaliwa deni, na deni hilo hulipwa kwa picha iliyochapwa na kurudishwa mkononi mwake. Gharama ya kulilipa ni sehemu ya bei ya kamera, ijapokuwa haiandikwi kwenye kibandiko. Anayemaliza fedha zote kwenye bodi, akabaki bila ya nauli ya kwenda Dodoma kuchapa picha, amenunua chombo cha kukopea na amejinyima uwezo wa kulipa.

Wapiga picha wakubwa wa bara hili walifanya kazi zao ndani ya mipaka ya namna hiyo. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, kwa kawaida alimpiga kila mteja picha moja tu, kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali. Ilimlazimu kumtazama mtu vizuri kabla ya kubonyeza. Zanzibar, katika Mji Mkongwe, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930, na picha zilizotoka humo zimekuwa kumbukumbu ya visiwa hivi. Anayezitazama leo hutafuta nyuso, kofia, kanga na ua wa nyumba aliyokuwa akiijua. Ni nadra mtu kuuliza zilipigwa kwa bodi gani.

Yupo atakayepinga, na pingamizi lake halistahili kupuuzwa. Atasema kuwa hoja hizi zote ni faraja ya maskini. Kwamba kupenda chombo kizuri si dhambi. Kwamba seremala wa mlango wa Kizanzibari hupenda patasi yake na nahodha hupenda jahazi lake, wala hakuna anayewataka watoe hesabu. Ni kweli. Furaha ya kushika chombo kilichoundwa kwa ustadi ni furaha ya kibinadamu, na anayeidharau hajawahi kufanya kazi kwa mikono. Lakini patasi ya seremala imepindika mpini kwa kushikwa, na upendo wake umethibitishwa na milango. Mapenzi ya chombo huanza kutiliwa shaka pale yanapokuwa mapenzi ya kumiliki tu, pale mtu anaposoma habari za bodi mpya kila usiku na hajatoka na ile ya zamani kwa mwezi mzima.

Kipo kipimo kimoja chepesi cha kuyapambanua mapenzi haya mawili. Mwenye kutaka kamera mpya na aitaje picha. Aseme: ile picha ya ghalani saa kumi na mbili alfajiri, wachukuzi wakiwa wameketi juu ya magunia, nilishindwa kuipiga kwa kuwa kamera yangu haikuona gizani. Huyo amejua anachokikosa, na bei anayoilipa ina kitu cha kuwekwa upande wa pili wa mizani. Asiyeweza kuitaja hata picha moja, akabaki kusema tu kuwa kamera mpya ni bora, upande wa pili wa mizani yake ni mtupu.

Na kutaja huko kusifanywe moyoni peke yake. Mizani ya sokoni husimamishwa mahali ambapo muuzaji na mnunuzi wote wawili wanaiona, na haki yake inatokana na kuonekana huko. Fedha za mwalimu wa Kibaigwa ni mahindi ya watu wawili. Kabla ya kwenda Dar es Salaam kununua, ana wajibu wa kukaa na mkewe na kuzitaja picha anazokusudia, bei ya bodi, bei ya lenzi, na fedha zitakazobaki kwa ajili ya kuchapa na kwa ajili ya daftari za watoto. Huenda mkewe akasema kuwa zimezidi. Huenda pia akasema, baada ya kusikia, kuwa picha ya mama yake mzazi haiwezi kungoja mavuno mengine, na kwamba lenzi iliyo bora inastahili gunia moja la ziada. Kamera itakayonunuliwa baada ya mazungumzo hayo, iwe mpya au ya mtumba, ya bei ya juu au ya chini, itakuwa imepimwa.